Wanawake Kumi na Saba wa Mlango wa Kando

Jumanne, mwezi wa saba. Kitengela, baridi na vumbi.

Shajara, leo nimekuja kwako nikiwa mkosaji. Upepo unapiga mabati ya duka hadi naogopa msumari utang'oka. Nimevaa sweta mbili na bado tarehe nimeikosea mara mbili. Ningependa kusema ni baridi, lakini si baridi.

Nimeshtuka. Nimeshtuka tangu saa nne asubuhi, na sasa inaelekea saa kumi na moja jioni.

Nianze na kitabu, maana bila kitabu kile leo ningekuwa nimekaa hapa mtaani Noonkopir natoa fotokopi za vitambulisho na kulalamikia stima kama kawaida yangu. Kanisa letu la zamani kule Kajiado, ambako mume wangu Sironka alibatizwa na ambako sisi wawili tulifungishwa ndoa, linajiandaa kwa yubile. Kamati ikaamua kuchapisha kijitabu chenye majina ya watu wote waliowahi kufunga ndoa pale. Na kwa kuwa mimi ndiye mke wa mtu wa pale mwenye saiba, duka la kompyuta na printa, kazi ikaniangukia. Rejista ya ndoa waliniletea ikiwa imefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Kurasa za kahawia, harufu ya panya, mwandiko wa wino wa bluu uliolala upande.

Hapa dukani nina sheria moja, nimeibandika ukutani juu ya printa: NACHAPA ULIVYOANDIKA. Niliiweka baada ya mzee mmoja kuniletea barua ya kwenda kwa chifu. Nikamsahihishia jina la mahali nikidhani amekosea, kumbe ndivyo linavyoandikwa, na barua ikarudishwa mara mbili. Tangu siku hiyo mteja akileta makosa, anaondoka na makosa yake, yamepangwa vizuri.

Kwa hiyo rejista nayo niliichapa ilivyo. Jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, siku, mashahidi. Na kila upande ulikuwa na safu moja iliyoandikwa "Hali".

Safu ya wanaume ilikuwa rahisi. Kapera, kapera, kapera, mgane, kapera. Nilicheka peke yangu. Neno kapera siku hizi nalisikia kwenye utani tu, vijana wakimcheka mwenzao anayejipikia ugali chumbani, lakini kwenye rejista lilikuwa limekaa kwa heshima zake zote, mstari baada ya mstari. Nikachapa.

Safu ya wanawake ilikuwa na maneno matatu. Mwanamwali. Mjane. Mwanamke.

Mjane halina shida. Mwanamwali nilijua maana yake, ingawa siku hizi ukimwita msichana wa Kitengela mwanamwali atakuuliza umemtukana kwa lugha gani. Na mwanamke? Nilidhani karani alimaanisha bibi harusi aliyechelewa kidogo kuolewa. Nani atashtushwa na neno mwanamke? Ni neno la kawaida kabisa, liko hadi kwenye milango ya vyoo vya stendi.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nitarudi hapo, maana hapo kuna uongo.

Jumamosi nikatuma rasimu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Majina yote, hali zote. Watu wakafurahi. Walioanza kutafuta wazazi wao wakawapata, wakapiga picha za kioo cha simu na kuwatumia ndugu walioko mbali. Mchungaji akaweka vile viganja viwili vya maombi, mara nne.

Jumapili baada ya ibada, Naomi, msichana wa kwaya, akauliza kwenye kundi: "Wadau, mwanamwali ni nini? Na mbona kokoo yangu ameandikwa mwanamke na wa kina Brayo ameandikwa mwanamwali?"

Kokoo ni nyanya kwa Kimaasai. Kokoo wake Naomi ni Kokoo Nasieku, ambaye nitamfikia.

Vijana hawakujua. Mmoja akasema labda ni jina la ukoo. Mwingine akasema ni kama kusema Miss na Mrs. Ndipo akaingia Mwalimu Tipape, mwalimu mstaafu, ambaye kwenye kundi lile hujibu hata kisichoulizwa. Naunakili ujumbe wake hapa kama ulivyo, kwa sheria yangu:

"Watoto wangu, zamani mwanamwali ni yule alikuja kanisani bado hajajua mwanaume. Huyo alivaa veli, akapigiwa kengele, akaingia mlango mkubwa siku ya Jumamosi. Mwanamke ni yule alikuwa amezaa tayari ama ako na mimba. Huyo alifungishwa Jumatano, mlango wa kando, hakuna veli, hakuna kengele, watu sita pekee. Ilikuwa ni utaratibu. Mbarikiwe."

Mbarikiwe!

Nilikuwa nimekaa sebuleni na sahani ya chapati mapajani. Nilisoma mara ya pili, nikidhani nimeelewa vibaya. Mwanamke. Neno hili hili ninaloitwa nalo kila siku, ninalojiita mwenyewe kwa majivuno nikibeba mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu, ndilo lililokuwa alama ya aibu. Mtu aliliandika kwa wino wa bluu, taratibu, kwa mwandiko mzuri, akimaanisha kwamba huyu asipigiwe kengele.

Na mimi ndiye niliyelichapa. Nikalisambaza kwa watu mia mbili na kitu.

Kundi likalipuka.

"Wueh! Kumbe kokoo alikuwa mkali."

"Wa kwetu ako safi, ni mwanamwali. Heshimuni hii familia."

"Hao wa Jumatano wako wangapi jameni?"

Mtu akahesabu. Kumi na saba. Akaweka orodha ya majina, na mwingine akaipa jina: Timu Jumatano. Watu wakacheka kwa zile nyuso za machozi. Mimi nikayasoma majina yale moja moja. Wengi wao wamekwisha kufa. Walio hai ndio wanaofua vitambaa vya meza ya Bwana, ndio wanaokaa na wagonjwa, ndio waliotushika mikono sisi wake wageni tulipofika Kajiado hatujui hata kusalimia. Mimi nilitoka Bungoma nikiwa sijui neno hata moja la Kimaasai. Aliyenifundisha kusema "takwenya" na kuitikia "iko" alikuwa Kokoo Nasieku, wa kwanza kwenye orodha ya Timu Jumatano.

Kokoo Nasieku ndiye mshirika mzee kuliko wote walio hai kanisani pale. Ndiye ambaye kamati ilimchagua apige kengele siku ya yubile.

Sasa nafika kwenye kosa la pili, na ndilo lililonifanya nishindwe kunywa hata chai leo.

Nilishikwa na hofu. Nikaiacha sahani, nikafungua kompyuta, nikaiagiza ibadilishe kila palipoandikwa mwanamke paandikwe mwanamwali. Ni kubofya mara moja tu. Wanawake kumi na saba wakasafishwa kabla sijapepesa macho. Nikatuma upya na maneno haya: "Samahani wapendwa, kulikuwa na makosa ya uchapaji. Futeni ile ya kwanza, tumieni hii."

Makosa ya uchapaji. Mimi, na karatasi yangu ukutani!

Mchungaji akaniandikia kando: "Asante sana mama, umetuokoa." Nikajiona shujaa. Nikarudia chapati yangu, nikaimaliza.

Jana saa sita mchana simu ikalia. Mchungaji. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Akasema Kokoo Nasieku amerudisha kitambaa.

Naandika hili polepole maana hata sasa silielewi vizuri. Kitambaa ni kile cha kichwa cha chama cha akina mama, cheupe chenye ukingo wa zambarau. Mama akikipokea anazikwa nacho. Hakirudishwi. Miaka yote niliyokaa na watu wale sijasikia hata mmoja aliyekirudisha. Kokoo alikuwa nacho kabla Sironka hajazaliwa. Alikifua, akakipiga pasi, akakitia kwenye bahasha ya kaki, akampa mtu wa bodaboda akipeleke kwa Mchungaji na maneno haya: mwambie mimi si wa hapo tena.

Nililia hapa hapa dukani, mbele ya mteja aliyeleta cheti cha shule niskani. Maskini akanipa pole akidhani nimefiwa.

Sironka si mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza alikaa, akavua viatu, akasema, "Usimpigie simu. Nenda mwenyewe. Na usiende mikono mitupu." Basi asubuhi hii nikafunga duka, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda Kajiado.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilijua nitasema nini: Kokoo, nisamehe, nimeanika aibu yako mbele ya watoto. Nilijua pia atasema nini, na mimi nitajibu nini, na tutalia wapi. Nilikuwa nimeandika mchezo mzima kichwani.

Nilimkuta nje ya nyumba, kwenye jua, anasafisha kibuyu cha maziwa kwa ukuni wenye kaa la moto, moshi unamtoka mikononi. Nikainamisha kichwa anishike, kama wanavyosalimiwa wazee wa huko. Mkono ulikuja, lakini ulichelewa.

"Takwenya, Kokoo."

"Iko."

Hakuniambia niketi. Nikaketi mwenyewe kwenye kigoda, nikaweka sukari chini, nikayamwaga yale maneno yangu yote bila kupumua. Nisamehe, nimeanika aibu yako.

Akasimamisha ule ukuni.

"Aibu gani?"

Nikachanganyikiwa. Nikasema, ile neno, Kokoo. Ile ya kwanza. Mwanamke.

"Hiyo neno ni yangu," akasema. "Mimi ndio nilimwambia aandike. Hiyo sikukasirika. Hao watoto wacha wacheke, watachoka." Kisha akaniangalia usoni, na macho yale sitayasahau. "Mimi nimekasirikia hiyo ya pili. Naomi alikuja akaniambia, Kokoo furahi, wamekusafisha, sasa wewe ni mwanamwali. Nani alikuambia utoe mtoto yangu?"

Mtoto?

Shajara, nilihisi kigoda kinazama ardhini. Sikujua kuna mtoto. Katika kizazi chetu hakuna aliyejua. Watoto wa Kokoo nawafahamu wote watano, mkubwa wao amestaafu juzi, na nilidhani ndiye aliyekuwa mimba siku ile. Akaendelea na kibuyu chake huku akisimulia, kwa utulivu tu, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Alitoka pande za Kiserian. Alikuwa na mtoto wa kiume kabla ya kuolewa, jina lake Lemayian. Siku walipoenda kuandikisha ndoa, Lemayian alikuwa na miaka miwili na alikuwa mgongoni. Kajiado hakuna mtu aliyemjua Kokoo. Mwinjilisti aliyeshika kalamu alikuwa mtu wa huruma. Alipomwona mtoto akatabasamu, akasema, huyu ni ndugu yako mdogo, sivyo? Akangoja, kalamu juu. Mchumba akaangalia dari.

"Alikuwa ananifungulia mlango," Kokoo akasema. "Nilikuwa naweza kusema ndiyo. Angeandika mwanamwali, ningepigiwa kengele. Lakini huyo mtoto ananiita yieyo. Nimwambie nini? Asiniite mama mpaka lini?"

Akamwambia mwinjilisti: huyu nimezaa mimi. Andika mwanamke.

Wakafungishwa Jumatano. Nilimuuliza, kwa ujinga wangu, kama iliuma kuingia kwa ule mlango wa kando. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike.

"Ningeingia hiyo mlango kubwa, Lemayian angebaki nje na watu. Kwa hiyo ndogo tuliingia sisi wote."

Lemayian alikufa kwa homa kabla ya kwenda shule. Hakuwa amebatizwa. Wakati ule watoto wa huko hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na picha haikuwepo hata moja. Mume wa Kokoo alijua, naye ametangulia. Kokoo akanyoosha kidole kuelekea kule kanisa liliko, ingawa kutoka pale halionekani.

"Hakuna karatasi ingine iko na yeye. Ni hiyo neno tu. Mimi nikiingia kanisani najua hiyo kitabu iko kwa kabati, na Lemayian ako ndani. Hiyo kengele nilikuwa nataka kupigia yeye. Sasa wewe umefinya kitu kwa mashini, umemtoa."

Mchezo wangu wote niliouandika njiani haukuwa na ukurasa huu. Nikasema tu nitarudisha, Kokoo, leo leo nitarudisha. Akasema, "Rudisha kwanza. Halafu nitaona."

Nilipokuwa nasimama kuondoka akaniuliza swali moja. Hakuniangalia. Alikuwa anachungulia ndani ya kibuyu.

"Na wewe walikuandika nini?"

"Mwanamwali, Kokoo."

"Sawa," akasema.

Sawa!

Sasa nirudi pale nilipoahidi.

Nilisema nilidhani neno mwanamke linamaanisha bibi harusi aliyechelewa. Si kweli. Nilipokutana na neno lile kwenye rejista, nililitambua papo hapo, nikageuza uso haraka nikaendelea kuchapa. Maana miaka ishirini na miwili iliyopita na mimi niliketi mbele ya kalamu kama ile, kwenye ofisi ile ile yenye dirisha moja. Karani wa wakati huo alikuwa mzee amechoka, na mlango wa kando ulikuwa umeshaacha kutumiwa. Utaratibu ulikuwa umekufa, safu ndiyo iliyobaki. Hakuniuliza kwa ukali. Alisema tu, "Mwanamwali?" kama mtu anayeuliza kama unaweka sukari.

Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimezaa nikiwa na miaka kumi na tisa, nyumbani Bungoma. Mtoto wa kike. Aliishi siku kumi na moja. Mama yangu alimzika nyuma ya jiko, penye migomba, akanawa mikono, akaniambia: hili limeisha, usilitaje tena. Alikuwa ananihurumia, najua. Kwa hiyo sikulitaja. Sironka nilimwambia kabla hajaleta wazee kwetu. Alinishika mkono, akasema pole, na hatukurudi tena kwenye habari hiyo. Watoto wetu wawili hawajui kwamba waliwahi kuwa na dada.

Na nilivaa veli. Nilipigiwa kengele. Niseme ukweli wote: niliipenda ile kengele. Nilitembea kwenye ule mlango mkubwa nikitabasamu kushoto na kulia.

Kokoo Nasieku alikuwa na mengi ya kupoteza, mgeni, msichana mdogo, amepewa uongo mkononi na mtu wa huruma, akaukataa. Mimi nisingepoteza chochote, nikauchukua bila kupewa. Naye leo akanihifadhia heshima, akasema sawa, akarudia kibuyu chake. Nadhani alijua. Sijui alijuaje, lakini nadhani alijua.

Naona haya hadi masikioni.

Na nimekasirika pia, wacha niandike. Nimerudi dukani nimeifungua tena ile rejista na nimeangalia safu ya wanaume kwa macho mengine. Kapera, kapera, kapera. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyeandikwa "mwanamume". Hakuna aliyeulizwa na kalamu juu. Mwalimu Tipape mwenyewe, huyu wa mbarikiwe, ameandikwa kapera, na Kajiado nzima inajua kwamba binti zake wawili wakubwa, aliowazaa na mama mwingine, ndio waliorusha maua siku ya harusi yake! Waliyarusha mbele ya baba yao, kapera, kwenye mlango mkubwa, na kengele ikilia.

Na wale walioandikwa mwanamwali, je? Nimejua mmoja aliyedanganya. Siwezi kuwa peke yangu. Huenda kurasa hizi zote zimejaa watoto walioitwa wadogo zetu. Wale kumi na saba ndio pekee ninaoweza kuapa kwamba walisema kweli, na hao ndio tuliowacheka Jumapili nzima.

Kurudisha hakukuwa rahisi kama kufuta. Nilipoiagiza kompyuta ibadilishe, iliwachanganya wote. Rasimu ya kwanza nilishaifuta, na orodha ya Timu Jumatano sitaki kuigusa; sasa mtu hawezi kujua nani ni nani mpaka kitabu kimwambie. Kwa hiyo nimekaa hapa tangu saa saba, kidole kwenye rejista, kidole kwenye kioo, nikiwatafuta mmoja mmoja. Wateja wawili wamekuja nikawaambia mashini imeharibika. Kila nilipompata mmoja nililisoma jina lake kwa sauti kabla ya kuandika. Sijui kwa nini. Ilionekana ni adabu. Kumi na sita. Wa kumi na saba nilimwacha makusudi awe wa mwisho, ingawa kwenye orodha ni wa kwanza. Kokoo Nasieku, mwanamke. Nikahifadhi.

Kisha nikateremka hadi ukurasa wa karibu na mwisho, kwenye mstari wangu.

Kitabu kinasema mwanamwali. Sheria yangu iko hapo ukutani, herufi kubwa, nachapa ulivyoandika. Nikakaa nikiiangalia. Lakini karani hakuzua. Aliandika nilichomwambia mimi. Kosa hili ni langu na nimelileta mwenyewe. Rejista sitaitia kalamu, si mali yangu. Huu mstari wa kijitabu naweza.

Nikafuta. Nikaandika mwanamke.

Nimeuangalia mstari ule kwa muda mrefu. Nikamtumia Mchungaji rasimu mpya na maelezo: kumi na saba wamerudi kwa neno lao, kwa matakwa ya Kokoo Nasieku, na yeye atakueleza sababu akipenda. Sasa wapo kumi na wanane, na wa kumi na wanane ni mimi.

Alichukua dakika kumi kujibu. "Mama, hata wewe?"

"Hata mimi," nikaandika.

Hajajibu tena. Sijui kamati itasema nini. Kesho kutwa mama mkwe atakuwa amesikia, na wanangu itabidi wasikie kutoka kwangu kabla hawajasikia kwa kina Naomi. Naogopa. Naandika naogopa kwa sababu ni kweli, na leo sina nguvu ya kuandika kisichokuwa kweli.

Saa kumi na mbili. Naongeza haya.

Sironka amepitia hapa kunisaidia kufunga mlango wa duka. Nilikuwa nimeacha kompyuta wazi. Alisimama nyuma yangu, mkono kwenye kiti, akasoma kioo. Alisoma taratibu, kama anavyosoma kila kitu. Nilingoja aulize kwa nini, au aulize mama yake tutamwambia nini. Sikugeuka.

Akauliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza kwa miaka ishirini na miwili.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Sikuwa nimelitamka jina lile tangu siku ya kumi na moja. Nilidhani limeshakauka mdomoni. Lilitoka lenyewe, zima.

Amevuta kigoda cha wateja, ameketi kando yangu, na bado hatujafunga duka. Printa inatoa ukurasa wa Kokoo na ukurasa wangu. Asubuhi nazipeleka Kajiado. Nitaketi kwenye kigoda kile kile, nitamsomea mstari wake, nimtaje Lemayian. Halafu nitasoma wangu, na nitamwambia: Kokoo, wangu aliitwa Nekesa.